Kifuniko Kimoja, Gunia Moja

Jomvu Kuu nzima ilimjua Anis Mbarak kwa mashati yake. Alikuwa nayo manne tu, meupe yote, na mkewe Rahima aliyafua na kuyapiga pasi mpaka kola zikaanza kukatika. Mfukoni zilikaa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Asubuhi alipopita njia ya msikitini kuelekea barabara kuu, vijana wa barazani walimwamkia, "Shikamoo, Karani," naye akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayelipwa vizuri.

Hakulipwa vizuri. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe hakulisema karibu miaka ishirini. Alikuwa karani katika afisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, juu ya duka la vipuri kule Changamwe, mali ya Bwana Obeid. Mshahara ulikuwa elfu ishirini na mbili kwa mwezi, na ukichelewa ulichelewa kwelikweli. Hamali anayebeba magunia ghalani, mtu ambaye Anis hakutaka hata kukaa naye benchi moja kunywa chai, mwezi wa meli nyingi alipata thelathini na zaidi. Anis alilijua hilo kuliko mtu yeyote kwa sababu yeye ndiye aliyewalipa. Jioni aliwahesabia mahamali noti zao mkononi, kisha akarudi nyumbani kumwambia Rahima avumilie mchuzi mtupu.

Alikuwa na neno lake la kujiliwaza. "Pesa ya mgongo hailali," alisema, akimaanisha kwamba hamali hula alichopata siku ileile. Ya kwake nayo haikulala, kwani haikufika hata tarehe kumi. Lakini ilikuwa ya kalamu, na kwa Anis hilo lilitosha.

Alikuwa na mtoto mmoja, Imad. Kijana alimaliza shule, akasomea mambo ya uchukuzi wa mizigo katika chuo kimoja cha ufundi, akapata cheti chake chenye mhuri, kisha akakaa barazani miaka miwili akitazama kuku wa jirani. Mwishowe akamwendea babake.

"Baba, nipe ruhusa nikabebe mizigo. Wenzangu wanapata."

"Magunia? Wallahi sikupi radhi yangu. Babu yako alisomesha darsa katika msikiti huu. Mimi nashika kalamu. Wewe leo uchukue gunia kichwani, watu wakuone? Watasemaje?"

"Hao watu hawatuletei unga, baba."

"Nyamaza. Kazi ya kalamu yaja, inshallah."

Imad alikuwa kijana wa adabu za zamani, anayemwamkia babake kila asubuhi kwa kuushika mkono wake na kuubusu, na mkono ule aliujua vema, pamoja na kidole cha mwisho kilichopinda tangu Anis alipoanguka kutoka juu ya mnazi utotoni. Radhi ya baba haichezewi. Kijana akarudi barazani kwa kuku wake.

Anis naye akaanza kumsumbua Bwana Obeid. Kila Idi alimpelekea sahani ya halua. Kila mwisho wa mwezi, badala ya kudai mshahara uliochelewa, aliulizia nafasi ya mwanawe. Alimsifia kijana mpaka mhudumu wa chai akawa anazijua sifa kwa moyo. Na mwaka huu, baada ya Ramadhani, Bwana Obeid akakubali ghafla.

"Mlete. Lakini umfunze mwenyewe, mwezi mmoja, kila kitu unachokijua."

Anis angeruka angekuwa kijana. Akampa mwanawe shati moja katika yale manne, akamtilia kalamu mbili mfukoni kwa mkono wake, na mwezi mzima akamfunza. Akamfunza makaratasi ya forodha, na nani wa kupigiwa simu kontena likikwama. Akampeleka ghalani kumfunza kazi aliyoipenda kuliko zote, ile ya kusimama nyuma ya lori wakati wa kushusha.

Kushusha kwenyewe kuna utaratibu wake. Karani husimama pale lori linapofungukia, na ndoo ya vifuniko vya soda miguuni. Vifuniko hivyo vimepakwa rangi kwa ndani ili asije mtu na vyake kutoka nyumbani. Hamali akitwikwa gunia, hunyosha mkono mmoja, na karani humtilia kifuniko kiganjani. Jioni kila mtu huleta vifuniko vyake akalipwa kwa hesabu hiyo. Hakuna kuandika wala kubishana.

"Sikiza vizuri," Anis alimwambia mwanawe. "Kifuniko kimoja, gunia moja. Atakuja mtu na hadithi ya mgonjwa, atakuja mwengine akukonyeze, na mwengine atakuwa rafikiyo. Usimtazame mtu uso, tazama mkono. Karani akitoa viwili kwa gunia moja amejiuza, na siku akijulikana hapati kazi tena Mombasa hii. Mimi sijatoa viwili hata siku moja."

"Naam, baba," alisema Imad.

Mwezi ulipokwisha, Bwana Obeid akamwita Anis chumbani mwake na kufunga mlango.

"Sheikh Anis, kijana amefunzika, mashallah."

"Ni damu hiyo, Bwana Obeid."

"Sasa wajua hali ya kazi. Mizigo mingi siku hizi inapita kwa treni, wateja wamepungua. Sina uwezo wa makarani wawili."

Anis akadhani Imad ndiye anayefukuzwa, akafungua mdomo kumwombea.

"Kijana atabaki," akasema Bwana Obeid. "Nimeafikiana naye elfu kumi na nne. Wewe pumzika sasa. Umefanya kazi ya kutosha."

"Nipumzike mimi?" akauliza Anis. Bwana Obeid akamtazama, na la kuudhi zaidi ni kwamba alishangaa kwa dhati.

"Kwani hukuelewa? Ulipomleta na kuomba vile, nalidhani wewe mwenyewe wampisha mwanao. Si ndiyo ada yetu? Mzee humpisha mwana. Nikasema, huyu ni muungwana, hataki kulitamka."

Basi hivyo ndivyo Anis alivyojifukuza kazi kwa sahani za halua. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo lilimkaba kuliko kufukuzwa kwenyewe. Elfu kumi na nne! Amemfunza mwanawe kazi yote ili auzwe rahisi kuliko babake.

Alimkuta Imad chini penye ngazi, anangoja ili watoke pamoja, uso unamng'aa. Na katika hatua zile chache za kumfikia, Anis akajua jambo moja waziwazi. Akimwambia kweli, kijana atapanda ngazi ile, atamtupia Bwana Obeid kalamu zake mezani, na kabla ya wiki kwisha atakuwa nyuma ya lori na gunia kichwani. Akapenda afe yeye kuliko kuliona hilo.

"Mwanangu, nina habari," akasema. "Kuna afisi Likoni wamenitaka. Naanza Jumatatu."

"Likoni? Na mshahara je, baba?"

"Umezidi," akasema Anis. Uongo ukishatoka huomba na nguo.

Rahima alipika mahamri ya kugawa nyumba saba za majirani. Shemeji, nduguye Rahima, akaja kumpongeza na kumwomba msaada wa karo ya mtoto wake. Imad alipopata mshahara wake wa kwanza alimpa mamake wote, na Rahima akasema sasa nyumba ina makarani wawili, Mungu awakinge na jicho la hasidi. Anis alikaa ukumbini akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mwisho wa mwezi ungefika, na mkewe angengoja mshahara wa Likoni, uliozidi.

Alizunguka afisi zote za Changamwe na Port Reitz. Kila mahali palikuwa na msichana mwenye kompyuta na subira kidogo, akimwambia aache namba ya simu. Umri wake ulikuwa hamsini na mbili. Hakuna aliyepiga.

Asubuhi moja akatoka na shati jeupe kama kawaida, lakini badala ya kupanda gari la mjini ili avuke feri, akaenda Miritini. Alichagua Miritini kwa akili, kwa kuwa Bwana Obeid hakuwa na mteja upande ule. Akaingia msikiti mdogo, akavua shati penye mahali pa kutawadha, akalikunja ndani ya begi, akavaa fulana iliyochakaa. Kisha akaenda kusimama kwenye lango la ghala moja pamoja na wanaume wengine, kama walivyosimama mbele yake kwa miaka yote ile.

Nyapara wa pale alikuwa mtu wa bara, Absalom, mrefu, mpole akiwa kimya.

"Buda, unatafuta ofisi?" alimuuliza.

"Natafuta kazi."

Absalom akaishika mikono yake, akaigeuza viganja juu, akawaonyesha wenzake. "Hizi mikono ni za kushika kijiko, mzee. Utatuangusha. Gunia moja likipasuka, genge lote linakatwa pesa." Wanaume wakacheka, bila ubaya. Anis akarudi nyumbani jioni na habari za Likoni. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, mpaka siku moja mtu akaugua na Absalom akamwonyesha kidole.

Hakuna haja ya kukueleza uzito wa gunia la kilo hamsini kwa mtu ambaye mzigo wake mkubwa ulikuwa faili. Walimfunza kukunja gunia tupu, pembe ndani ya pembe, alivae kichwani limshukie mpaka machoni na mgongoni, shingo isichubuke. Walimfunza kupumua. Vumbi la mchele lilimwingia kifuani likakaa humo. Lakini jioni alipopeleka vifuniko vyake, akahesabiwa pesa ambazo afisini angezingoja siku mbili.

Ungedhani atafurahi. Alikwenda nyuma ya ghala akalia kwa hasira. Angalijishusha mapema, Rahima angalikula nyama. Angalimwacha Imad abebe alipoomba, kwa mgongo wake wa miaka ishirini na mbili, nyumba ingalikuwa imeezekwa upya. Sasa kijana ndiye mwenye kalamu ya elfu kumi na nne, na mzee ndiye mwenye gunia. Kila mmoja alikuwa amekaa mahali pa mwenziwe, na aliyewakalisha hivyo ni yeye.

Tena mwili haukukubali. Alibeba siku mbili, ya tatu akalala kitandani akisema Likoni wamefunga kwa hesabu za mwaka. Goti la kushoto lilivimba. Kila alipokosa siku, mtu mwengine alichukua nafasi yake, na Absalom alimwambia waziwazi, "Mzee, ukikosa tena sitakuweka. Si ubaya, ni kazi." Dawa za presha za Rahima zilikuwa zimekwisha, naye Rahima alikuwa ameshamwahidi shemeji ile karo. Anis alijua ya kwamba hatamaliza mwaka katika kazi ile. Hakujua atafanya nini baadaye, na hakujiuliza, kwa sababu alikuwa akiogopa jibu.

Kilichomsumbua zaidi ni mkono. Viganja vilikuwa vimechunika, vikatunga usaha, vikakauka, vikachunika tena. Asubuhi Imad alipouchukua mkono wake kuubusu, Anis aliutoa kwa nje, kiganja chini, upesi, akaurudisha upesi. Siku moja kijana aliushikilia kidogo.

"Mbona mkono wako u moto, baba?"

"Nimetoka kushika buli la chai. Nenda, utachelewa."

Kisha ikaja mvua kubwa. Changamwe maji yakaingia maghalani, na malori ya mchele yaliyokuwa yakienda huko yakageuzwa yatafute pakavu. Anis hakuwa na habari. Alikuwa amekaa ghalani Miritini na wenzake, gunia la kichwani limeshavaliwa, wakingoja mzigo wowote. Trela likaingia kinyumenyume. Mlango wa upande wa abiria ukafunguka, akashuka kijana mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, ameshika ndoo ya vifuniko.

Anis alilijua shati kabla ya mtu. Lilikuwa na kiraka kidogo chini ya kwapa, kazi ya Rahima.

Akageuka aende zake. Absalom akamwekea mkono begani. "Mzee, wapi? Tuko wanane, lori ni la wanane. Ukitoka saa hii umetoka kabisa." Anis akasimama. Aliweza kutoka na kupoteza kazi, au kubaki na kupoteza siri. Akalivuta gunia mpaka likamfunika pua, akainamisha kichwa, akaingia kwenye foleni. Alijiambia kuwa mwanawe atafanya kama alivyofunzwa, atatazama mkono, hatatazama uso. Angejipiga kwa kufikiri hivyo, maana uso wake ulikuwa umefunikwa, na mkono ndio uliokuwa wazi.

Wa kwanza akatwikwa, wa pili, wa tatu. Zamu yake ikafika. Gunia likamkalia shingoni, akanyosha mkono wa kulia. Kifuniko kikaanguka kiganjani, kikiwa baridi kwa mvua. Akaenda. Akatua, akarudi.

Mara ya pili akanyosha mkono amekunja kile kidole cha mwisho. Kifuniko hakikuja mara moja. Ndoo ikalia, vifuniko vikagongana kana kwamba mkono umevipapasa na kusahau unachotafuta. Kisha kikaja kimoja, kikawekwa polepole juu ya ngozi iliyochunika, si kwa kutupwa kama walivyotupiwa wengine.

Anis hakuinua kichwa. Alipiga hatua zake mpaka mwisho wa ghala akijiambia kijana amechoka, kijana ni mpole kwa kila mtu, kijana hajui kitu.

Mara ya tatu vikaja viwili.

Alisimama na kilo hamsini kichwani na vifuniko viwili mkononi. Aliviona vyote, rangi ya kijani kwa ndani, kimoja juu ya kingine. Ulimi ulimpanda kusema, "Kimoja, mwanangu." Akitamka, mahamali wote watasikia, na Absalom atajua karani wa Bwana Obeid anaiba, na kazi iliyonunuliwa kwa miaka ishirini ya shati na miezi hii ya gunia itakwisha pale pale kwenye matope. Na kulikuwa na jambo jengine, la chini zaidi, ambalo alilijua wakati uleule na likamtia aibu. Alivihitaji.

"Songa, mzee!" Absalom akaita nyuma yake.

Anis akafumba kiganja, akaenda. Kila aliporudi, vilikuwa viwili.

Jioni Absalom, ambaye pale Miritini ndiye aliyelipa kisha akamdai mwenye mzigo, alivihesabu vifuniko vya Anis, akavihesabu tena, akacheka. "Mzee, leo umebeba kama kijana! Mnaona? Nilisema atazoea." Wenzake wakampigia makofi. Akapokea pesa nyingi kuliko siku zote, akaingia ule msikiti mdogo kuvaa shati, na akashindwa kuswali. Alikaa tu penye mahali pa kutawadha, maji yakimpita miguuni.

Nyumbani Rahima alizipokea pesa kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi. Likoni kuna baraka." Imad alikuwa amekaa mkekani, sahani mbele yake. Hakuinua macho wala hakula. Anis naye hakumtazama. Rahima akapanga siku ya kununua dawa, na kiasi cha kumpa shemeji, na kama kutabaki cha nyama.

Asubuhi Anis akavaa shati lake. Imad alikuwa anangoja mlangoni, amevaa lake. Kijana akanyosha mikono yote miwili, akauchukua mkono wa babake, na Anis alipotaka kuutoa kwa nje kama desturi yake ya siku hizi, Imad akaugeuza. Akaukunjua vidole kimoja kimoja, mpaka kile kilichopinda. Akainama akaubusu kiganjani, pale palipochunika, na Anis akahisi machozi ya mwanawe yakimchoma kwenye kidonda.

"Shikamoo, baba."

Anis akafungua mdomo. Tangu mtoto huyu ajue kusema hakuna asubuhi aliyokosa kumjibu. Sasa alitafuta neno lile jepesi, neno la mtu mzima aliyestahili heshima aliyopewa, na hakulipata.

Rahima akatokea jikoni na mwiko mkononi, akawatazama wote wawili wamesimama mlangoni.

"Baba Imad," akasema, "mtoto akuamkia. Mbona humjibu?"